Kadi Thelathini za Shemeji Posta

Shemeji yangu ni tarishi. Ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona amekaa akiwa na kitu mkononi. Ukimpa kikombe cha chai, anasimama nacho. Ukimpa gazeti, anauliza ni la nani alipeleke. Kazini wanamwita Posta, na jina limemkolea hadi dada yangu, ambaye ndiye mkewe, anamwita hivyo hivyo mbele za watu.

Ana kanuni moja tu. Hachukui kitu ambacho hakukabidhiwa, na kila alichokabidhiwa lazima kiandikwe. Anatembea na daftari gumu lenye jalada jeusi lililobanduka pembe. Anayetoa faili anasaini kwamba ametoa, anayepokea anasaini kwamba amepokea. Wanasema siku ya ndoa yake, alipokabidhiwa mke, aliangaza huku na huku kama mtu anayetafuta daftari. Huo ni uongo, niliutunga mimi mwenyewe, lakini ulienea haraka kwa kuwa watu wanamjua.

Ofisi yao ni ya vibali. Mtu akitaka kujenga ukuta, kufungua duka au kuchimba kisima, anapeleka maombi pale, halafu anazeeka. Jengo ni la chini, refu, lenye korido tatu na milango mingi ya rangi moja. Mwisho wa korido ya kwanza ni masjala, chumba cha kutunzia mafaili, kinachoongozwa na mwanamke mmoja mnene wa sauti na mwembamba wa mwili, anayeitwa Mama Masjala. Mwisho wa korido ya tatu ni kwa Mkurugenzi. Katikati ni Posta na kitoroli chake, ambacho gurudumu moja linalia. Amepewa mafuta ya kulipaka mara nyingi, anayapokea na kushukuru, halipaki. Aliniambia sababu: gurudumu likilia, waliosinzia mezani wanapata nafasi ya kufuta mate kabla hajafika. Ndivyo alivyo. Hapendi kumkuta mtu vibaya.

Zamani kazi katika ofisi ile ilipimwa kwa koti. Ukining'iniza koti kwenye kiti, upo. Unaweza kwenda sokoni, msibani, hata ukaenda kuposa, koti linakushikia zamu. Palikuwa na koti moja la kijivu katika chumba cha tisa ambalo lilikaa kitini muda mrefu bila kosa lolote, na watu walisema cheo kikipatikana lipewe lenyewe. Posta peke yake ndiye aliyejua kila mwenye koti yuko wapi. Faili la haraka likiwa la mtu wa drafti, alilipeleka nyuma ya stoo. Likiwa la mtu wa usingizi, alilipeleka kwenye gari bovu lililoegeshwa uani. Hakuna faili lililomkosa mtu wake.

Halafu Mkurugenzi akaenda semina.

Alikaa huko siku nne, akarudi na mkoba wa semina, kofia ya semina na wazo la semina. Wiki mbili baadaye akaja fundi mmoja mwenye bisibisi shingoni, akabandika ukutani vidude vyeupe vya ukubwa wa kiberiti, kila baada ya hatua kumi, korido zote tatu. Kila mtumishi akapewa kadi ya kuvaa shingoni. Fundi alisema ule ni mtandao wa vihisi visivyo na waya, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayepotea.

Jinsi unavyofanya kazi, shemeji alinieleza, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa. Chukua nyumba yenye mashangazi watatu, kila mmoja katika chumba chake. Mtoto akilia, shangazi wa jikoni anasema huyo yuko karibu nami. Wa sebuleni anasema mimi namsikia kwa mbali. Wa uani anasema simsikii vizuri. Ukiwasikiliza wote watatu, unajua mtoto yuko mlangoni mwa jikoni bila kwenda kumwona. Vile vidude ndio mashangazi, kadi ndiyo mtoto anayelia, na kompyuta iliyo kwa Mkurugenzi ndiye anayekaa kuwasikiliza. Ni kitu cha akili kweli, sitanii. Ila shangazi anasikia mtoto alipo, hajui nani kambeba.

Mkurugenzi akawekewa skrini kubwa ukutani. Ndani yake kulikuwa na ramani ya jengo, na kila mtumishi alikuwa doa la kijani lenye namba. Alihamisha kiti chake kikaielekea. Wageni waliacha kumwona uso, wakawa wanazungumza na kisogo. Fundi alipotaka kujua mtumishi akae muda gani bila kusogea ndipo ahesabiwe kuwa hafanyi kazi, Mkurugenzi alifikiri kidogo, akasema robo saa. Kazi, alisema, ni mwendo. Basi ikapangwa hivyo: doa lisiposogea robo saa linageuka jekundu, na mwisho wa mwezi wekundu wanaandikiwa.

Sasa, Mama Masjala kazi yake ni kukaa. Anakaa, anasoma faili, analipa namba, analipanga. Kwa miaka yote aliyofanya kazi kwa bidii amekaa. Wiki ya kwanza akawa mwekundu kuliko wote, akaitwa, akafokewa. Wiki ya pili akajaribu kuwa mtembezi. Mafaili yakarundikana hadi dirishani, naye akawa wa kijani. Wiki ya tatu, asubuhi, Posta alipofika na kitoroli, alivua kadi yake akaiweka juu ya mafaili.

"Nitembezee hii, kaka," alisema. "Mimi nina kazi."

Posta akaitazama ile kadi. Ni kitu, kimetolewa, kinataka kupelekwa. Akafungua daftari, akamwambia asaini.

Jambo zuri halifichiki ofisini. Kufikia mwisho wa mwezi wenye kazi wote walikuwa wamemkabidhi Posta kadi zao ili wafanye kazi, na wasio na kazi wakamkabidhi zao ili wasifanye. Zilifika thelathini. Dada yangu alimshonea mkoba wa kitambaa wenye mfuniko wa vifungo, ukaning'inia kwenye mpini wa kitoroli. Asubuhi alipita mlango kwa mlango akikusanya, kila mmoja akasaini. Jioni alipita akirudisha, kila mmoja akasaini. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini anatia saini kwenye ushahidi wa kosa lake mwenyewe. Daftari la Posta watu husaini bila kuangalia, kama mtu anavyojikuna.

Kule kwa Mkurugenzi mambo yalikuwa sherehe. Madoa thelathini yalitoka masjala kwa pamoja, yakapita korido ya pili kwa pamoja, yakasimama kwa mhasibu, yakaendelea. Mkurugenzi aliona hayo akasema sasa kuna ushirikiano, jambo ambalo halijawahi kuonekana katika ofisi ile. Kilichomtatiza ni kimoja tu. Mara mbili kwa siku idara nzima, akina mama wakiwemo, ilikuwa inaingia msalani kwa wanaume na kukaa humo dakika saba. Akaandika waraka kwamba watumishi waende haja kwa zamu ili kupunguza msongamano. Waraka huo ulipelekwa kila chumba na Posta, baada ya kutoka msalani.

Mwezi wa tatu akatangazwa mfanyakazi bora, aliyetembea kuliko wenzake. Alikuwa mtunza stoo. Watu walipiga makofi wakiinamisha nyuso, kwa sababu mtunza stoo alikuwa amestaafu wiki tano nyuma na kuhamia kwa mwanawe. Kadi yake ilisahaulika mkobani. Cheti kipo hadi leo ukutani, kwenye fremu.

Na kadi ya Posta mwenyewe? Ilikuwa imetundikwa msumarini, katika kichumba chake kando ya stoo. Siku ya kwanza kamba yake ilinasa kwenye gurudumu alipoinama, nusura imnyonge, akaivua akaiweka pale. Dada alimwuliza mbona asiitie mkobani pamoja na zile nyingine. Akajibu kwamba zile zimekabidhiwa na wenyewe. Ile yake nani kamkabidhi?

Kwa hiyo, kwa mujibu wa mashangazi wa ukutani, katika ofisi nzima watu thelathini walikuwa wanahangaika kutwa, na mvivu alikuwa mmoja. Namba thelathini na moja. Nyekundu, miezi minne mfululizo, hata hatua moja hana.

Barua ilitoka Jumatano. Katibu muhtasari wa Mkurugenzi aliiweka mezani bila kumtazama usoni, akasaini kwamba ametoa. Posta akasoma jina juu ya bahasha. Akaitia kwenye kitoroli, akasukuma hadi kichumbani kwake, akasimama, akajikabidhi, akasaini kwamba amepokea. Ndipo akafungua. Aliitwa mbele ya kikao siku ya Ijumaa saa nne asubuhi, aeleze kwa nini asifukuzwe kazi kwa uvivu uliokithiri. Alikuwa amebakiza miezi kumi astaafu. Anayefukuzwa kwa uvivu anaondoka mikono mitupu, na miaka thelathini na mmoja inabaki hadithi ya kumsimulia shemeji.

Habari ilizunguka ofisi kabla chai haijapoa. Mchana kichumba kilijaa watu, hadi waliokuwa hawajaonekana tangu mwaka jana. Walimpa pole nyingi. Mtu wa koti la kijivu alimshika bega muda mrefu, akasema hakuna haki duniani, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ule mkoba ni wa Posta binafsi au ni wa ofisi, na kama Posta ana mtu anayemwamini ambaye anaweza kumwachia. Mwingine akashauri siku mbili zilizobaki zitumike kumfundisha huyo mtu njia. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na hofu, na hofu yao ilikuwa na miguu ya Posta.

Mama Masjala alisubiri watoke, akafunga mlango.

"Kawaonyeshe daftari," alisema. "Saini ya kwanza ni yangu. Mimi ndiye niliyeanza."

"Nikilionyesha, dada, Ijumaa barua za kufukuzwa zitakuwa thelathini," Posta akajibu. "Na nani atazipeleka?"

Mama Masjala alicheka, halafu akaona haya kwamba amecheka. Akamwambia kichwa chake ni kigumu kama meza ya ofisi, akaondoka akipangusa macho kwa kona ya kitambaa chake cha kichwani.

Nyumbani dada yangu alisikiliza habari yote bila kukatiza, jambo ambalo kwake ni nadra. Mwisho akauliza kitu kimoja: kadi hizo zikiwa mkobani, vile vidude vinazisikiaje? Posta akamweleza kwamba kitambaa hakizuii kitu. Dada akasema kumbe. Alhamisi jioni akautwaa mkoba akasema unanuka, akautumbukiza kwenye maji ya sabuni. Ijumaa asubuhi ulikuwa bado unadondoka kwenye kamba. Akampa mumewe kopo la biskuti, lile la duara lenye mfuniko unaobana, alimokuwa akiweka nyuzi na sindano.

"Funga vizuri," alimwambia. "Zisije zikakupigia kelele."

Saa tatu kamili Posta alianza kukusanya. Watu walimkabidhi kadi kama wanaomkabidhi maiti, wakasaini. Saa nne kasorobo ya thelathini ilikuwa koponi. Akaweka mfuniko, akaubonyeza kwa kiganja hadi ukaitika, akaondoka na gurudumu lake likilia.

Wakati huohuo, katika korido ya tatu, Mkurugenzi alikuwa anamwonyesha mgeni skrini yake. Mgeni alikuwa mkaguzi kutoka makao makuu, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliyekuja kuketi kikaoni na kuona huo mtambo uliosifiwa. Fundi alikuwepo na bisibisi yake. Mkurugenzi alinyoosha fimbo kuelekea kwenye madoa ya kijani, akafungua mdomo, na madoa yakazimika yote. Ramani ikabaki tupu kama jengo ambalo halijahamiwa. Doa moja tu lilisalia, jekundu, kando ya stoo.

Fundi alikagua waya ambazo, kwa jina la mtambo wenyewe, hazikuwepo. Akasema betri thelathini haziwezi kufa kwa pumzi moja. Mkurugenzi yeye alishafikia uamuzi: watumishi wametoroka, wote, wakati mkaguzi yupo, wamebakiza mvivu. Akatoka chumbani mbio. Wanaomfahamu wanasema ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka ule kuonekana koridoni, na kwamba aligeukia upande usiofaa, hadi mkaguzi akamwelekeza masjala iliko.

Mama Masjala alikuwa mezani pake, amezama kwenye faili.

"Wewe hupo," Mkurugenzi akamwambia, akihema.

"Nipo, bosi."

"Kwenye skrini hupo."

"Hapa nipo, lakini."

Mkurugenzi alimtazama vizuri kama mtu anayetafuta kasoro kwenye noti bandia. Akagusa meza yake. Akafungua mlango wa pili, wa tatu. Katika vyumba vingine alikuta watu wanaandika, katika vingine alikuta makoti. Kwenye kona ya korido ya pili akagongana na kitoroli.

"Na wewe," akasema, "wewe umekaa chini kule stoo."

"Ndiyo, bosi," Posta akajibu, kwa kuwa si mtu wa kubishana, akasogeza kitoroli pembeni ili mkubwa apite.

Mkurugenzi alitaka kupita kweli. Mkaguzi hakupita. Alikuwa analitazama kopo la biskuti lililokaa juu ya mafaili ya vibali, akamwuliza mzee kuna nini humo.

"Watumishi, mama," Posta akasema.

Hakuwa anafanya mzaha. Ndivyo daftari lilivyosema. Mkaguzi akaweka kucha chini ya mfuniko, akaubandua. Kutoka mwisho wa korido ya tatu ikasikika sauti ya fundi, kwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu: wamerudi, bosi, wote wamerudi, wako hapohapo mlipo.

Kikao kikafanyika palepale, kitoroli kikiwa meza. Mkaguzi aliomba daftari, akalisoma taratibu akilamba kidole, ukurasa baada ya ukurasa: aliyetoa, kilichotolewa, saa, saini. Alimwuliza Posta kwa nini muda wote huo hakusema. Akajibu kwamba hakuna aliyemwuliza, yeye barua huzipeleka, hazisomi kwa sauti. Nyuma ya milango watu walikuwa wameacha kupumua. Mkurugenzi alikuwa tayari ameanza kutaja kwa vidole nani na nani wataondoka, na alikuwa amefikia mkono wa pili, mkaguzi alipoinua miwani.

"Hii kadi namba moja," akauliza, "ambayo husainiwa kila asubuhi K.n.y. Ni kwa niaba ya nani?"

Katibu muhtasari, aliyekuwa amesimama nyuma ya bosi wake, alianza kulia. Makao makuu walikuwa wameagiza kwamba hata wakubwa wapimwe. Kadi ya Mkurugenzi ilikuja, yeye akaitupa mezani kwa katibu na hakuiulizia tena. Hata namba yake hakuijua. Katibu, kwa mapenzi ya kazi, aliona bosi atakuwa mwekundu kutwa akikodolea skrini, akaikabidhi kwa Posta kama wengine. Miezi mitatu Mkurugenzi alikuwa akilisifu lile doa namba moja linaloongoza wenzake msalani.

Alikunja vidole vyote vya mikono miwili. Mkaguzi akalifunga daftari, akalirudisha kwa mwenyewe, na kabla ya kuliachia akauliza kama anatakiwa kusaini. Posta akasema ndiyo, mama, hapo chini.

Hakuna aliyefukuzwa. Jumatatu barua nyingine ikatoka, Posta akajipelekea, akasaini. Ilisema kwamba ofisi imemsamehe kwa kuzingatia kuwa ameonyesha mabadiliko makubwa ya tabia, na inamtaka aendelee hivyo. Kuhusu nani alitembea kilomita za watu thelathini haikusema neno. Cheti cha mtunza stoo hakikushushwa.

Mimi nilikwenda kuwaona jioni hiyo. Nilimwuliza dada yangu kuhusu lile kopo. Akasema mkoba ulikuwa mchafu. Nikamkumbusha kwamba wifi yake, dada wa Posta, analalamika miaka yote kuwa akimpigia yeye simu siku za mwisho wa wiki haipatikani, na kwamba mimi niliwahi kuikuta hiyo simu imelazwa ndani ya sufuria nzito, imefunikwa. Dada akaniuliza kama nakula au nimekuja kuhoji.

Mtambo bado upo. Mkurugenzi amejifunza. Ametoa waraka mpya kwamba kazi ni utulivu, si kuzurura, na kwamba kuanzia sasa doa litakalosogea kupita kiasi ndilo litakalogeuka jekundu. Posta, ambaye tangu barua ile ya msamaha alikuwa ameanza kuivaa kadi yake, aliupeleka waraka huo kila chumba, akapata saini zote, na kufikia saa sita mchana alikuwa mwekundu kuliko alivyowahi kuwa.

Hakulalamika. Aliivua kadi yake shingoni, akafungua daftari, akajikabidhi, akasaini. Kisha akaitia kwenye kopo la biskuti, akabonyeza mfuniko. Amebakiza miezi tisa. Kwenye skrini hayupo kabisa, na mafaili yanafika.